Mwenye nyumba wangu si mlezi wangu

Kinachonikera zaidi tangu nimalize chuo si kodi wala foleni ya barabara ya Jinja. Ni kwamba mama ana namba ya mwenye nyumba wangu hapa Kireka, nje kidogo ya Kampala, na wanazungumza. Nikichelewa kutoka kazini usiku, asubuhi napigiwa simu: "Jana ulikuwa wapi?" Nani kamwambia? Mama mwenye nyumba, tena kwa nia njema kabisa. Kodi nalipa mimi, kwa simu, kutoka mshahara wangu mdogo. Kwa nini basi habari zangu apelekewe mtu mwingine?

Katiba yetu ya Uganda ya 1995 inampa haki ya kupiga kura raia wa miaka 18 na zaidi. Naweza kumchagua rais, lakini saa ya kufunga mlango wangu nichaguliwe!

Baba naye anashikilia kuwa mtoto wa kike hahami kwao mpaka aolewe. Kaka yangu alipohama alipewa godoro, sufuria na dua. Mimi nilinuniwa. Hilo linaniuma kuliko simu zote.

Nawapenda wazazi wangu. Waliuza ng'ombe ili nisome, sijasahau, na kila mwisho wa mwezi natuma nyumbani nilichojaliwa. Sikukuu nitakuja, nitapika, nitaosha vyombo. Ila mama yangu, ukitaka kujua nilikuwa wapi, niulize mimi, nitakwambia. Namba ya mama mwenye nyumba, tafadhali, ifute.