Nilikuwepo Wembley siku ile
Makala yenu kuhusu miaka 40 ya Live Aid, lile tamasha la muziki la kuchangia wenye njaa Ethiopia, mmeiandika vizuri, ila bendi ya Queen mmewapitia juu juu, utadhani walipanda jukwaani kuziba pengo tu. Mimi nilikuwepo uwanja wa Wembley, London, 13 Julai 1985. Tiketi pauni 25, nilidunduliza wiki tatu. Tuliingia kabla ya saa sita mchana, bendi ya Status Quo wakafungua, na kufikia jioni shingo ilishaungua (ndiyo, London nayo ina jua, siku moja moja) na miguu ilishakufa ganzi.

Kwenye saa kumi na mbili na dakika arobaini hivi akatoka Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, mbio mbio, fulana nyeupe isiyo na mikono, jinzi, akakaa kwenye piano. Walipiga dakika 20 na ushee tu! Walipofika kwenye wimbo wao wa Radio Ga Ga, watu zaidi ya 70,000 tukapiga makofi mawili mawili juu ya vichwa, pamoja. Mzee mmoja mbele yangu alikuwa na mkate wa yai mkononi. Akausokomeza mfukoni mwa koti apate kupiga makofi, siagi na kila kitu.

Kisha Freddie akaanza kutuimbisha, yeye anatoa sauti, sisi tunapokea, kama ngoma za kwetu. Nikamwambia Mwingereza niliyekuwa naye: huyu kazaliwa Unguja, 1946, jina lake Farrokh Bulsara. Akanitazama kwa huruma, akanipa chupa yake ya maji.