Mbio za Watu Wasiopiga Hodi

Mie mbio sikuzitaka. Mbio kanipa daktari kwa ajili ya sukari, na mtoto wa kaka yangu akamalizia: "Ami, nshakuandikisha kilomita 5, unatembea tu." Nikapewa fulana ya rangi ya embe bivu, namba ya karatasi na pini nne. Namba nikaibana mgongoni kama wachezaji wa mpira. Kumbe inakaa kifuani, wanaokupokea waisome unavyokuja. Lakini ukiniuliza mie, siku ile mgongo wangu ulitazamwa na watu wengi kuliko kifua.

Alfajiri nikatoka msikitini moja kwa moja mpaka Forodhani, hapa hapa Zanzibar. Wa kilomita 21 walishaondoka, sisi wa 5 na wa 10 ndio tunajipanga. Nimewahi, nikasimama mbele kabisa, vidole juu ya mstari. Ndivyo tulivyofunzwa: anayewahi ni wa safu ya kwanza, anayechelewa hujaza nyuma, haruki mabega ya watu. Wakaja vijana wembamba kama vijiti vya mishikaki, wanarukaruka, wananitazama kama nimeegesha gari mlangoni kwao. Mmoja akanambia, "Shikamoo mzee. Wanaotembea wanaanzia nyuma." Nyuma! Na nimewahi mie! Filbert Bayi mwaka 1974 kule Christchurch alikaa mbele toka mwanzo mpaka mwisho wa mita 1,500, akavunja rekodi ya dunia kwa dakika 3 na sekunde 32.2, na hakuna aliyemwambia arudi nyuma.

Honi ikalia. Viwiko nilivyokula pale, hata daladala la jioni ya kuamkia Idi sijavipata. Baadaye sana mtoto wa kaka yangu ananieleza kwamba namba zile zilikuwa na chipu, saa ya mtu inaanza anapokanyaga zulia la mstarini, hata akiwa wa mwisho kulikanyaga, kwa hiyo kukaa mbele hakunipunguzii hata sekunde. Habari kama hiyo ndiyo ya kunambia tunarudi nyumbani?

Mizingani, pumzi ndiyo kwanza inanirudia, nasikia nyuma: "Kulia! Kulia!" Nikajiuliza, nilie nimefiwa na nani? Nikajisogeza kulia nimtazame, na kulia ndiko alikokuwa anapita. Tukakumbatiana kama watu wa sala ya Idi. Kumbe maana yake yeye anapita kulia, mie nibaki kwangu kushoto. Sasa bwana, neno la machozi na neno la njia ni hilo hilo moja, unamrushia mtu mzima kisogoni, tena bila salamu! Neno la kupita kwa watu tunalo tokea zamani. Unapiga hodi.

Na mie nikalitumia. Malindi nikawakuta kinamama wanne wa kikundi cha mazoezi, wameikamata barabara yote kama juya, wanazungumza harusi ya mtu Kikwajuni. Wangekwenda wawili wawili, si pangepitika? Nikasema, "Hodi!" Wakaitika kwa pamoja, "Karibu!" Hakuna aliyesogea hata shibiri. Nikapiga tena. "Karibu baba, pita tu." Nipite wapi? Nikawafuata hivyo hivyo, mpaka nikajua mahari ni kiasi gani, ukumbi upi, na wifi gani hakualikwa.

Darajani ndipo penye maji. Meza tatu zimepangwa kwa kuachana, watu wote wamerundikana ya kwanza kama kisima cha mwisho duniani. Ya tatu wasichana wanapunga chupa juu, hakuna anayewaona. Na mie ya kwanza, ndiyo, sitaki uongo. Sasa mie maji sinywi nimesimama, marehemu bibi angenifuata usingizini. Nikachuchumaa pale pale mbele ya meza. Bismillahi haijafika mwisho, nshaangukiwa na mtu wa kilomita 10, halafu yeye ndiye ananambia sina adabu! Kunywa kwa kukaa si ndiyo adabu yenyewe? (Haya, ningekaa kando.)

Wasio na adabu ni wale wanaopiga funda moja, wakaitupa chupa nzima na maji yake miguuni pa watu. Visiwa hivi vimekataza mifuko ya plastiki tangu 2006, tukarudi kwenye vikapu vya ukindu, na leo napigishwa danadana na chupa mbele ya soko! Pipa liko hatua kumi mbele, tupu kama mfuko wangu tarehe 20. Na mwengine anatema mate bila kugeuka. Nahodha wa ngalawa hutazama upepo, wewe unayetema unashindwa?

Vijana wa barazani nao hawakuniacha: "Mzee, daladala hizo zinapita!" Nikawasimamia. Nikawaambia John Stephen Akhwari, Mexico 1968, goti limefungwa bendeji, aliimaliza marathoni zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Wakaniuliza, "Na wewe mzee goti lina nini?"

Goti halina kitu. Hilo ndilo lililoniuma.

Mnazi Mmoja nikakutana na mwenzangu wa skuli. Utampitaje mtu hujamuuliza hali, watoto, na mgonjwa wake? Tulipofika kwa mgonjwa, nyuma yetu pana foleni.

Nikarudi Forodhani jua limeshapanda. Wale kinamama wanne wamesimama juu ya mstari wa kumalizia, wanapiga picha. Kijana mwenye kizibao anawabembeleza, "Mama zangu, sogeeni mbele, msisimame hapa." Wapi. Nikapiga hodi.

"Karibu baba! Njoo katikati!"

Nikaingia katikati, nikavuta tumbo ndani. Mara pikipiki ya kuongoza inapiga honi, na nyuma yake mtu wa kwanza wa kilomita 21, macho yamemtoka, anapaza sauti: "Kulia! Kulia!"

Bi mkubwa mwenye simu akaishusha taratibu. "Kulia? Kafa nani?"