Mtafiti wa Nano Ana Kazi Gani Mombasa?

Kijana wa Mombasa akisema anasomea uhandisi, watu humwazia bandarini au kwenye kampuni ya stima. Akiongeza kwamba anataka kubobea katika nanomateria, yaani vitu vya chembe ndogo mno, na nishati mbadala, wazee humwitikia "inshallah" ile ya kukatisha mazungumzo. Siwalaumu. Wanataka tu kujua ataajiriwa na nani.

Mimi naona kazi ipo, tena hapa hapa pwani, ila hatujaitengea mshahara.

Chukua dioksidi ya titani, unga mweupe unaotiwa kwenye rangi za kuta. Mwaka 1991, Brian O'Regan na Michael Grätzel, wakiwa Lausanne, Uswisi, walitangaza seli ya jua iliyotumia chembe za unga huo zenye upana wa nanomita chache, zikapakwa rangi ya kunasa mwanga. Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Chembe zikiwa ndogo kiasi hicho, jumla ya nyuso zake huwa kubwa mno, rangi nyingi hushika, na mwanga mwingi hunaswa. Seli ile iligeuza takriban asilimia 7 ya mwanga kuwa umeme.

Madini yanayotoa titani hiyo tulikuwa nayo kwenye mchanga wa Kwale. Shehena ya kwanza ilipakiwa Likoni mwaka 2014, na uchimbaji ukakoma mwishoni mwa 2024. Tuliuza mchanga kwa tani, na rangi tukaendelea kununua kwa mkebe. Sidai tungejenga kiwanda cha seli za Grätzel. Hata huko zilikozaliwa hazijaishinda silikoni, ile ya paneli za kawaida, sokoni. Lakini miaka yote hiyo ilitosha kusomesha kizazi kizima cha watafiti juu ya mchanga wao wenyewe.

Haya, mchanga umekwenda. Joto na chumvi vimebaki.

Paneli za sola hupimwa maabarani kwenye nyuzi 25. Juu ya bati la Mombasa wakati wa kaskazi, paneli hufika 60 bila shida, na ile ya silikoni hupoteza karibu asilimia 0.4 ya nguvu zake kwa kila nyuzi inayozidi. Piga hesabu: asilimia 14 imekwenda, na kutu ya viungio hujaihesabu. Kuna pia seli za perovskaiti, aina ya fuwele inayonasa mwanga, ambazo Tsutomu Miyasaka na wenzake wa Japani walizianza mwaka 2009 zikiwa na asilimia 3.8, na leo maabarani zimepita 25. Adui yao mkubwa ni unyevu. Unyevu! Mwenye nguo kabatini Mombasa hahitaji kuelezwa.

Kwa hiyo namshangaa mtafiti wetu anayekwenda ng'ambo kwa shahada ya uzamivu akaandika tasnifu juu ya matatizo ya nchi za baridi, kisha akabaki huko. Au pengine namwelewa: ruzuku iko huko, darubini ya elektroni, ya kuonea chembe ndogo hizo, iko huko. Sampuli za seli hata hivyo husafiri kwa ndege kama barua. Kisichosafiri ni paa linalopigwa na upepo wa bahari mwaka mzima, na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor, kinalo. Fremu ya kutandazia sampuli juu yake fundi yeyote ataichomelea. Ugomvi wangu na wapanga bajeti ni mshahara wa mtu wa kuzipima kila mwezi, kwa miaka kumi.