Mtaa mzima una kesi, wakili ni mimi

Aliyepanga ratiba ya chuo chetu namuombea mema, lakini kuliweka somo la sheria ya jinai saa saba mchana ni ukatili, na ukatili wenyewe unaongezeka pale mnaposomeshwa kesi ya watu waliokula mwenzao. Sitanii. Mwaka 1884 wanamaji wanne Waingereza wametoka Southampton wanaipeleka boti Australia, bahari ikaichapa ikazama, wakabaki kwenye kimtumbwi katikati ya Atlantiki na makopo mawili ya mboga, maji ya kunywa hawana kabisa. Wakabahatisha kasa mmoja wakamla, akaisha. Zikapita kama siku ishirini hivi, nahodha Dudley na mwenzie Stephens wakamtazama kijana wa kazi, Parker, miaka 17, ameshalegea, wakamchinja. Siku chache baadae meli ikapita ikawaokoa, wakafika kwao wakasimulia kila kitu wenyewe, maana waliamini baharini mambo ndo huwa hivyo. Mahakama ikasema hapana, shida haihalalishi kuua, wakahukumiwa kunyongwa, alafu adhabu ikapunguzwa ikawa miezi sita jela.

Sasa lekchara anafunga kitabu anauliza, "Je, njaa inaweza kuwa utetezi?" Bumu, ile hela ya mkopo wa chuo, halijaingia, nusu ya darasa imepiga pasi ndefu toka asubuhi, kimya kimetanda, mara tumbo la mtu wa nyuma likaunguruma mpaka mbele tukalisikia. Lekchara akasema, "Asante. Mwingine?"

Wenzangu wanamuonea huruma Parker, mi anayeniuma roho ni Brooks. Kwenye ule mtumbwi kulikuwa na mtu wa nne anaitwa Brooks, yeye kuua alikataa, kisu hakushika, ila nyama ilipokuwa tayari alikula tena vizuri tu, na mwisho wa yote hakushtakiwa, akapandishwa kizimbani kama shahidi. Huyo Brooks mi niko nae kwenye grupu la asaimenti. Grupu lina watu kibao, wanaoandika ni wawili, yeye kwenye WhatsApp anaandika "niko pamoja nanyi wakuu" alafu anapotea mpaka mnaogopa labda amepatwa na kitu. Kazi ikishaprintiwa, na ya kuprinti steshenari nimetoa mimi, anaibuka kuuliza kama jina lake limeandikwa yote matatu. Siku ya prezentesheni sasa, mwenzenu anatinga suti nyeusi, tai, kiatu kinang'aa, mi niliyekesha nina macho mekundu na shati lina doa la chai, swali likiulizwa anainuka taratibu, anafunga kifungo cha koti, anasema "hilo mwenzangu hapa atalifafanua", anakaa. Matokeo yanarudi, alama sawa kwa sawa. Na lekchara anamsifia kwa kujiamini.

Alafu kuna hili la namba za vifungu. Mi nilikariri, yani nilikariri kweli, wizi 258, kujipatia mali kwa udanganyifu 302, kesi zisizo na dhamana 148 kule kwenye mwenendo wa makosa ya jinai, nilikuwa nazitaja hata nikiwa naoga. Na madesa yenyewe, yani noti za kusomea, nilinunua kwa sia mmoja, mwanafunzi aliyenitangulia, kwa hela ambayo ilikuwa ya kula. Ikaja taarifa kwamba serikali imetoa toleo jipya la sheria zote, linaitwa toleo la 2023 ila limeanza kutumika Julai 2025, na vifungu vingi vimehama namba. Vimehama! Mi mwenyewe nikitaka kuhama geto naambiwa nitoe taarifa mapema, vifungu vinahama nimelala. Nikampigia yule sia nikamwambia broo haya madesa yako ni ya zamani, akanijibu mali ikishauzwa hairudi. Nikasema huyu nitamsomea kifungu cha kujipatia hela kwa udanganyifu, nikanyamaza katikati ya sentensi, maana na chenyewe sina uhakika kimehamia wapi.

Turudi kwenye geto. Nimepanga huku Sanawari, chumba kimoja, choo cha pamoja, na mama mwenye nyumba wangu ni mtu wa dini kabisa ila kodi ikichelewa anaikumbuka Mahakama ya Rwanda. Wale mliozaliwa juzi, Arusha hapa, kwenye lile jengo la AICC, Umoja wa Mataifa waliweka mahakama ya kushughulikia mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliundwa Novemba 1994 ikafungwa 2015, watu 93 walishtakiwa, na humo ndo Akayesu alitiwa hatiani mwaka 1998, mtu wa kwanza duniani kupatikana na kosa la mauaji ya kimbari kwenye mahakama ya kimataifa. Kwetu darasani hiyo ni historia nzito, lekchara akiitaja anavua miwani. Mama mwenye nyumba yeye anaikumbuka kwa upande wa kodi. "Mwanangu, wale walikuwa wanalipa kwa dola, tena mwaka mzima, na hawakuwahi kunianikia soksi kwenye maua yangu." Sasa mama, mi na majaji wa Umoja wa Mataifa wapi na wapi? Nikajaribu kumwambia kwa adabu kwamba hata hao wenyewe hawakuwa na haraka, kesi yao ya Butare ilianza 2001 hukumu ikatoka 2011, miaka kumi, mi naomba wiki mbili tu mpaka bumu liingie. Utetezi wangu aliusikiliza huku anafunga kofuli kwenye bomba la maji. Rufaa nikaikata kwa mume wake, mzee akasema yeye hayo mambo hayaingilii.

Ndugu nao. Mjomba wangu wa Kibosho hanipigii mpaka kuwe na ugomvi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. We si unasoma sheria? Kuna mtu hapa kwenye kihamba amesogeza masale ya mpaka, ameingia kwetu hatua nzima. Njoo umfunge."

"Mjomba, hilo ni la ardhi, mi sasa hivi nasoma jinai, ardhi tunasoma mwaka wa tatu."

"Ooh. Basi ntamwambia asubiri mwaka wa tatu."

Nilidhani ananitania, kumbe kweli alienda akamwambia yule jirani kwamba kijana anakuja mwaka wa tatu na ole wako. Na kila simu lazima amalizie na ile Shule ya Sheria ya kule Dar, maana ukishamaliza digrii huwi wakili mpaka upite pale, na mwaka 2022 mjomba alisikia redioni kwamba kati ya wanafunzi 633 waliofaulu moja kwa moja ni 26. Jina langu mjomba analisahau, ananiita kwa jina la kaka yangu mkubwa, ila 633 na 26 anazo kichwani mpaka leo. "Sasa we kwenye hao 26 utakuwemo?" Mjomba mi hata hii testi ya wiki ijayo sijui kama nimo, tuanze na hapo.

Lakini hayo yote afadhali kuliko ya usiku ule natoka diskasheni. Mnajua baridi ya Arusha ya mwezi wa saba, mvuke unatoka mdomoni, nimejikunja ndani ya jaketi, begi la laptopu begani, nakatiza uchochoro wa mwisho kabla ya kwetu, tochi ikanipiga usoni. Polisi jamii. Wazee watatu, makoti marefu ya mtumba, marungu, mmoja ana filimbi.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba. Umebeba nini?"

"Laptopu, mzee."

"Ya nani?"

"Yangu."

"Risiti iko wapi?"

Hapo ndo masomo yakanipanda. Wiki hiyo hiyo tulikuwa tumesoma kanuni ya mtu kukutwa na mali iliyoibwa muda si mrefu, kwamba ili imbane lazima kwanza awepo mtu aliyeibiwa, aitambue mali kuwa ni yake, na ithibitike wizi umetokea karibuni, sio mtu anatembea na chombo chake mnamsimamisha tu. Nikawaeleza, tena kwa utaratibu, na mkono nikanyoosha kidogo kama nilivyomuona Brooks anavyofanya. Mzee mwenye tochi akanisikiliza mpaka mwisho, hakunikatisha hata mara moja, nikaona hapa nimewaweza.

Akasema, "Kaa chini."

Nikakaa. Changarawe ya baridi ile, jamani. Mwenye filimbi akamwambia mwenzie, "Huyu anaongea kama yule wa juzi." Nikauliza yupi. "Yule mwizi. Nae sheria alikuwa anaijua."

Kwenye vitabu vyetu imeandikwa mtu hana hatia mpaka ithibitishwe, na anayetakiwa kuthibitisha ni anayeshtaki, Waingereza walilikazia hilo mwaka 1935 kwenye kesi ya Woolmington na mpaka leo kila mtihani linatoka, lakini Woolmington hakuwahi kupita Sanawari saa sita usiku. Kilichoniokoa sio kifungu. Wakamwita mama mwenye nyumba, akaja na khanga kichwani na malapa ya mume wake, akanimulika, akasema, "Huyu mpangaji wangu. Mwizi sio. Angekuwa mwizi si angelipa kodi?" Wazee wakaangaliana wakaona hoja ina uzito, wakaniachia. Mi na vifungu vyangu vyote sikuwa nimelifikiria hilo.

Sasa tangu siku hiyo mtaa mzima ukajua nasoma sheria, na kesi zikaanza kuletwa mlangoni. Wengine wananiita wakili, wengine afande, hao wanadhani nikimaliza naenda chuo cha polisi, CCP Moshi, kupigishwa kwata. Kubwa kuliko zote, na ndo inayoninyima usingizi sasa hivi, ni ya kuku. Mama wa chumba cha pili alikuwa na tetea wake mweusi, kapotea. Mtuhumiwa ni dogo wa bodaboda anayekaa chumba cha kona. Nikamuuliza mama, ulimuona akimchukua? Hapana. Kuna mtu alimuona? Hapana. Sasa umejuaje?

"Mwanangu, Jumatano usiku kwake kulinuka kuku wa kukaanga. Yule toka lini anakula kuku katikati ya wiki?"

Nikakaa kimya, maana ukweli ni kwamba huo ni ushahidi wa mazingira, na sio mbaya. Dogo kila siku ni ugali maharage, sisi wote tunajua, sufuria lake tunalifahamu. Lakini kazi ni kazi, nikamwambia mama, ushahidi wa mazingira unatakiwa umwelekee mtuhumiwa tu na usiache tafsiri nyingine, je kama Jumatano dogo alipata abiria wa maana, mtalii kampa hela nzuri, akaamua kujipongeza na chipsi kuku kama binadamu wengine? Jamani. Mama akashika kiuno. "Kwa hiyo unamtetea mwizi? Amekupa paja?" Na uani mle wakageuka wote kuniangalia mdomo kama una mafuta. Dogo mwenyewe, niliyekuwa namtetea bure, akatokea mlangoni kwake akasema, "Wakili, hapo kwenye mtalii umenena," na mi nilivyomuona anavyocheka cheka nikajua kabisa huyu kuku kamla.

Ndo shida ya haya masomo. Zamani ningekuwa upande wa mama moja kwa moja, tungempigia dogo kelele mpaka amlipe. Sasa hivi najua kamla, naamini kamla, harufu hata mi niliisikia na nililala na njaa kwa uchungu, lakini siwezi kusema kamla. Mama hanisalimii. Dogo ananipandisha boda bure kila nikienda chuo, sasa hiyo nayo tunaiitaje, maana kuna somo lingine kabisa la rushwa na silitaki.

Kesho saa mbili asubuhi nina testi ya sheria ya ushahidi, nimefungua ukurasa wa utunzaji wa vielelezo, kwamba kielelezo kinatakiwa kijulikane nani alikishika, lini, akamkabidhi nani, na kila hatua iandikwe. Mlango unagongwa. Ni mama. Amepata manyoya meusi nyuma ya chumba cha dogo, ameyaokota mwenyewe, akampa mwanae ayashike, mwanae akayachezea na wenzie, wakayarudisha mengine, na ameniletea yote ndani ya mfuko wa plastiki, ile mifuko ya kubebea iliyopigwa marufuku nchi nzima toka Juni 2019, kukutwa nao tu ni kosa.

"Shika," ananiambia, ameunyoosha. "Shika ufungue kesi."