Aliyepona Anapodaiwa Ushahidi

"Anakunywa dawa? Analala?" Daktari anamuuliza mama. Mgonjwa mwenyewe, mtu mzima mwenye watoto, ameketi kati yao kama mkoba.

Kifungu cha 26 cha Sheria ya Afya ya Akili ya Kenya kiliipa mahakama uwezo wa kumweka jamaa awe mlezi wa mtu mwenye maradhi ya akili kama huyu, na kuweka msimamizi wa mali yake. Ibara ya 12 ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Kenya iliuridhia 2008, inashika njia nyingine: uwezo wa kisheria, yaani wa kujiamulia mambo yake, ni wa kila mtu, na kazi ya serikali ni kumpatia msaada wa kuutumia, kama vile mtu wa kumshauri.

Wanaotetea ulezi si wabaya. Wengi wamemkimbiza kaka yao barabarani usiku, au wameamka wakakuta shamba limeuzwa kwa bei ya pikipiki. Maradhi yakimpanda, wanauliza, ushauri atausikia kwa sikio gani? Na huyo msaidizi asipomshauri bali akamburuta, nani atajua? Ni maswali ya haki.

Lakini maradhi mengi ya akili huja na kuondoka. Mtu huugua wiki sita, kisha akakaa miaka mitatu akifundisha na kulipa karo. Amri ya ulezi haiponi naye. Akitaka iondolewe, arudi kortini athibitishe kwamba ana akili timamu, jambo ambalo mimi na wewe hatujawahi kudaiwa. Nauli na ada ya wakili zimo kwenye akaunti anayoishika mlezi yule yule ambaye mgonjwa anataka aondolewe. Tena Ibara ya 83 ya Katiba haimsajili kupiga kura aliyetangazwa hana akili timamu, kwa hiyo kesi iliyoanzia shambani yaweza kuishia kwenye kura.

Uswidi ina wasaidizi, mpango wa kitaifa tangu 2000, wasiofanya ila walilotumwa na mgonjwa. Kwetu hata karatasi moja ingefaa, iandikwe akiwa mzima: nisipolala siku tatu mwiteni dada, simu yenye M-Pesa aishike yeye, shamba lisiguswe, ile sindano iliyonikakamaza shingo nisidungwe tena. Ndugu wanapata kinga waliyoitaka, kwa maneno ya mgonjwa. Kazi inabaki kwa muuguzi wa zamu ya usiku, aifungue karatasi hiyo kabla ya kuvuta dawa kwenye sindano.