Hivi tulituma mmisionari au tulituma mfadhili?

Wiki iliyopita kamati ya harusi ya binamu yetu ilikaa, yaani "ilikaa" kwenye WhatsApp maana siku hizi kamati ni grupu tu, ikafika zamu ya kutaja ambao hawajaahidi. Likatajwa jina la dada yangu. Mjumbe mmoja, mtu mzima kabisa, mzee wa kanisa, akaandika: "Huyo si yupo Ujerumani, laki tano kwake hela ya soda." Vikafuata vikatuni vya kucheka, msururu mzima. Mimi nilikuwa Ngamiani, hapa Tanga, kwenye kahawa, kashata mdomoni, nikajikuta nimeacha kutafuna.

Jamani. Dada na shemeji hawakwenda kubeba boksi. Shemeji ni mchungaji na dayosisi ndiyo iliyomtuma, tena tulimwekea mikono pale mbele, kina bibi wakalia, tukapiga picha, tukala pilau, tukawasindikiza mpaka stendi ya Kange kwa matarumbeta. Baada ya hapo nini? Baada ya hapo zikaanza listi. Simu. Viatu namba arobaini na mbili. Baba mdogo anataka suti "ya Ujerumani kabisa", akaletewa, kugeuza kola imeandikwa Bangladesh, akanuna mwezi mzima kama vile shemeji ndiye aliyeishona.

Na kabla hamjanirukia, mimi mwenyewe niliomba laptop. Mwaka wa kwanza tu, hata hawajamaliza kufungua mabegi. Kwa hiyo najua ninachosema.

Kinachoniuma ni kwamba watu wa Tanga hatuna kisingizio cha kutojua mmisionari anaishije, maana sisi ndio tuliofikiwa. Wamisionari Wajerumani, wale wa jumuiya ya Betheli, walishuka hapa mwaka 1890, mwaka uliofuata wako Mlalo kule Usambara, baadaye Vuga wakafungua mpaka mtambo wa kuchapa vitabu. Haya, jumuiya yao ilizaliwa Berlin mwaka 1886 ikiwa na koloni kichwani, hilo silifichi na wala sitamsafisha mtu. Ila angalia walivyobebwa. Mtu kakaa mlimani Usambara, homa inamtetemesha, mke anajifungua mbali na mama yake, lakini barua yake ikifika kwao inachapwa kwenye jarida, inasomwa vijijini na wakulima ambao bahari hawajawahi kuiona, wanamwombea kwa jina, wanachanga senti zao. Na walikuwa na shida zao wenyewe, hawakuwa matajiri wale. Mwaka 1920 Waingereza wakawaondoa baada ya vita, kazi ikabaki kwa walimu na wainjilisti wa huku huku, na bado watu wa kule wakaendelea kuulizia, mpaka wakarudi. Yule mmisionari alikuwa na kwao. Wa kwetu ana wadai.

Halafu mwaka 1996 ule umoja wa misheni wenye makao yake Wuppertal, Ujerumani, ukabadilika, makanisa ya Afrika na Asia yakakaa meza moja na ya Ujerumani, ikawa kutuma siyo kazi ya mzungu peke yake, na sisi tunaweza kutuma. Tulipiga makofi. Kumbe makofi ndiyo yalikuwa mchango wetu wote.

Sasa niwaambie hela ya soda inapatikanaje. Kule kanisa linaendeshwa na kodi, mwajiri anakata kwenye mshahara wako, asilimia 8 au 9 ya ile kodi ya mapato, kutegemea mkoa. Ukichoka humwambii mchungaji, unakwenda ofisi ya serikali, unasaini, unalipa ada, umetoka. Wanatoka kwelikweli. Tangu mwaka 2022 Wakatoliki na Waprotestanti wakijumlishwa pamoja hawafiki nusu ya watu wa nchi ile. Shemeji ametua katikati ya hayo. Alidhani anakwenda kuhubiri, amekuta vikao vya kuunganisha sharika, tatu ziwe moja, jengo lipi libaki, lipi liuzwe. Darasa la kipaimara ana watoto wanne. Wanne! Huku usharikani kwetu wanajaza mabenchi mpaka wengine wanakaa na kwaya.

Mwaka jana walifunga kanisa moja. Ibada ya mwisho, wazee wamevaa makoti yao meusi, shemeji kaombwa afunge kwa sala ya Kiswahili, dada akasema alipofika "Amina" hakuna aliyenyanyuka. Watu wamekaa tu. Kuna bibi mmoja alibatizwa pale pale, akaolewa pale, mumewe akaagwa pale, akamshika dada mkono hamwachii, na dada Kijerumani chake bado kinachechemea, akakosa la kusema, akamwambia "pole". Kiswahili hivyo hivyo, pole. Bibi akaitikia kwa kichwa kama ameelewa. Kijerumani hakina pole, ananiambia dada, wana neno la samahani na neno la rambirambi, hapo katikati hamna kitu. Nadhani siku ile alifanya kazi kubwa kuliko mahubiri yote ya shemeji, na shemeji anisamehe.

Hiyo ndiyo kazi yao. Kukaa na watu ambao kanisa lao linawafia mikononi. Mchana dada anakwenda nyumba ya wazee kuwaimbia na kuwakata kucha, bure, maana cheti chake cha unesi cha huku bado kinahakikiwa na makaratasi hayaishi. Desemba saa kumi na nusu jioni giza limeshaingia. Gesi ya kupasha nyumba ilipanda bei baada ya vita ya Ukraine, wakawa wanawasha chumba kimoja, watoto wanafanyia homuweki wote pale wamejifunika vitenge vya send-off yao. Mdogo, wa kiume, ameshaanza kujibu Kijerumani hata ukimsemesha Kiswahili. Nilimpigia nikamuuliza anakumbuka nini cha Tanga, akafikiri sanaaa, akasema, "Mjomba, ile baiskeli." Baiskeli ipi? Mji mzima huu baiskeli. Sikuuliza zaidi, sauti yangu ilishaanza kukwama.

Sawa, na dada naye ana lake. Ile picha kwenye theluji, koti jekundu, amecheka mpaka gego la mwisho linaonekana, ukiiona unasema huyu kafika. Nilimwambia aifute. Akaniuliza, sasa nipost nikilia? Sikuwa na jibu, na wewe uliyemwita tajiri kwa picha ile ile huna.

Msinielewe vibaya, sisemi tukachange euro, hizo hatuna. Nilimuuliza dada anataka nini, nikitegemea atataja kitu cha kunishinda. Akataja unga wa muhogo, apike bada Jumapili. Dagaa hapana, aliwahi kukaanga wakalalamikiwa na ghorofa zima. Na akasema anataka sauti ya kwaya, siyo ile ya studio iliyosafishwa, anataka ya mazoezi Alhamisi, wanapokosea halafu mwalimu anafoka halafu watu wanacheka. Basi. Miaka yote hii hakuna mtu aliyemtumia hata dakika mbili za hiyo, wakati bando la kumtumia picha za viatu tunalo.

Na mchango wa harusi ametuma, kama mnataka kujua. Laki moja na nusu, na ujumbe mrefu wa kuomba radhi kwamba ni ndogo. Mweka hazina akajibu: "Imepokelewa. Tunasubiri na ya keki."

Nikatoka kwenye grupu. Alhamisi nikaenda kwenye mazoezi, nikakaa benchi la nyuma, nikawasha kurekodi. Mwalimu wa kwaya akaniona, akaniuliza hiyo ya nani, nikamwambia ya mama mchungaji, anaitaka aisikilize. Akafurahi kweli, akawanyamazisha wote, akaisogelea simu, akakohoa kidogo:

"Mama mchungaji, Bwana asifiwe! Hapa wote wazima, tunakukumbuka sana. Sasa mama, lile suala la kinanda..."