Leo Jua Limerudi

Leo mchana, tarehe 21 Januari, jua limechungulia juu ya milima ya Tromsø, kaskazini mwa Norwei, kwa mara ya kwanza tangu mwisho wa Novemba. Kazini tumeacha kila kitu tukatoka nje, mkononi maandazi yenye jamu ambayo huku huliwa kwa ajili ya siku hii. Nimelia.

Nimekulia Tanga. Jua la Tanga halina habari, linachomoza karibu saa kumi na mbili mwaka mzima na sisi tunalikimbia kivulini. Hata saa zetu tunazihesabu kuanzia kuchomoza kwake. Huku majira ya baridi hesabu hiyo haina pa kuanzia, na wa kwanza kulalamika ni tumbo langu. Wiki nyingi nina zamu za usiku. Nakula wali saa nane usiku, nalala mchana wenye giza, na gesi na kufunga choo ndiyo maisha yangu. Nililaumu chakula chao miaka miwili.

Kumbe bakteria wa tumboni nao wana zamu. Mwaka 2014 watafiti wa Taasisi ya Weizmann, Israeli, walionyesha kwamba bakteria hao hubadilika mchana na usiku kwa kufuata saa tunazokula. Walichukua kinyesi cha watu waliotoka safari ndefu ya ndege, saa za miili zikiwa zimevurugika, wakakipandikiza kwa panya wasio na bakteria. Panya wakanenepa na sukari yao ikaharibika. Ngozi nayo ina lake: Vancouver, Kanada, mwaka 2019, wanawake waliopigwa mwanga wa urujuanimno, ule wa juani ambao ngozi hutumia kutengeneza vitamini D, mara tatu kwa wiki moja, wakati wa baridi, waliongezeka aina za bakteria tumboni, lakini ni wale tu ambao hawakuwa wakimeza vidonge vya vitamini D.

Najua mtakavyonijibu huko nyumbani. “Umekimbia mgao wa umeme, leo unatufundisha jua!” Sijidai, jamani. Mimi nimenunua taa ya kukaa mbele yake nusu saa kila niamkapo, na mafuta ya ini la samaki nameza kijiko kwa kijiko, ili nipate kidogo cha kile ninyi mnachopewa bure. Wala simsemi mlinzi, nesi au dereva wa basi la usiku, maana nami ni mwenzao. Nawasema wenye uchaguzi: chipsi mayai saa saba usiku, simu usoni mpaka alfajiri, pazia limefungwa mpaka saa tano, kisha kiungulia kinatafutiwa mchawi. Mama alikuwa akitutoa ndani asubuhi, “Tokeni mkaote jua,” na chakula cha usiku kilikuwa kimeliwa kabla ya isha. Hayo mnayaita ushamba. Huku watu wanayalipia!

Mdogo wangu ameniandikia sasa hivi, kwao ni saa nane usiku: “Dada, nipo macho, nitumie picha ya hilo jua.”

Nimemwambia alale, picha ataikuta asubuhi.